Bakteria wa Tumboni na Mwili Unaozeeka

Huko Moshi, chini ya Mlima Kilimanjaro, wanaume vijana 77 wenye afya njema walikubali kuingia kwenye utafiti wa chakula. Waliozoea mlo wa nyumbani, yaani ndizi, maharage, mboga za majani na ulezi, baadhi yao walihamishiwa kwa wiki mbili kwenye soseji, mkate mweupe na chipsi. Waliozoea mlo huo wa mjini wakahamishiwa kwenye mlo wa asili. Kundi la tatu liliongezewa kitu kimoja tu kila siku kwa wiki moja: mbege, kinywaji cha Wachaga kinachochachushwa kwa ndizi mbivu na ulezi. Wachache waliendelea na mlo wao wa kawaida ili wawe kipimo cha kulinganishia. Godfrey Temba na wenzake wa Tanzania na Uholanzi, akiwemo Quirijn de Mast wa Chuo Kikuu cha Radboud, walipima damu yao kabla ya mabadiliko, baada yake, na tena wiki nne baadaye. Matokeo yalichapishwa mwaka 2025.

Wiki mbili za soseji na chipsi zilitosha kupandisha damuni viashiria vya mchochota, na seli za kinga zikawa dhaifu zilipokutanishwa na vijidudu. Kwa waliohamia mlo wa asili na kwa waliokunywa mbege, mambo yalikwenda upande wa pili: viashiria vilishuka. Baadhi ya mabadiliko hayo yalikuwa bado yanaonekana wiki nne baada ya jaribio kwisha.

Nimeanza na Moshi kwa makusudi. Habari za bakteria wa tumboni na uzee mwema hutufikia zikiwa zimevaa sura ya mbali: Wajapani waliotimiza miaka mia, vidonge vya bei kubwa kwenye duka la dawa, ushauri wa kula vyakula ambavyo sokoni Kariakoo au Kongowea hutaviona. Ukweli ni kwamba sehemu ya ushahidi bora wa jambo hili imetoka kwenye ardhi yetu, na imetoka humu kwa zaidi ya miaka sitini sasa. Lakini ushahidi huo unahitaji kufumuliwa uzi kwa uzi, kwa sababu kati ya bakteria na mvi kuna hatua nyingi, na wauzaji wengi hupenda kuziruka zote.

Uzi wa kwanza ni neno lenyewe, mchochota. Ukijikata kidole ukimenya muhogo, mahali pale panavimba, panakuwa pekundu, panapata joto na kuuma. Hiyo ni kazi njema. Askari wa kinga wameitwa, wamekuja, watamaliza shughuli na kuondoka. Tatizo ni mchochota usioondoka. Mwaka 2000 mwanasayansi Claudio Franceschi wa Bologna, Italia, alieleza kwamba moja ya alama kuu za mwili unaozeeka ni mchochota wa chini kwa chini, usio na kidonda cha kuonekana, unaoendelea mwaka baada ya mwaka. Ni kama moto wa makumbi: hauwaki, na wala hauzimiki. Mishipa ya damu inaharibika taratibu, mwili unazidi kuwa mkaidi kwa insulini, misuli inanyauka, na kinga yenyewe inachoka, kiasi kwamba mafua yanayomlaza kijana siku tatu humlaza mzee mwezi mzima.

Moto huu una kuni za aina kadhaa. Zipo seli chakavu zinazokataa kufa, yapo mafuta yanayojikusanya kuzunguka viungo vya tumboni, yapo maambukizi ya muda mrefu. Na upo utumbo.

Ndani ya utumbo, hasa utumbo mpana, tunaishi na bakteria wapatao trilioni 38. Hesabu hiyo ilitolewa mwaka 2016 na watafiti wa Taasisi ya Weizmann ya Israel, waliokadiria pia kwamba seli zetu wenyewe ni kama trilioni 30. Yale maneno kwamba bakteria ni mara kumi ya seli zetu, ambayo bado yanarudiwa kila mahali, waliyafuta. Kwa uzito, bakteria hao wote hawafiki hata robo kilo.

Wanakula nini? Hapa ndipo kiini cha habari yote kilipo. Unapokula ugali wa dona, mbaazi au kisamvu, sehemu ya chakula hicho mwili wako hauwezi kuivunja. Hauna vimeng'enya vya kazi hiyo. Nyuzinyuzi hizo zinapita tumboni, zinapita utumbo mwembamba, zinafika utumbo mpana zikiwa nzima. Huko bakteria wanazichachusha, na katika uchachishaji huo wanatoa asidi ndogo ndogo za mafuta: asetiki, propioniki na butiriki. Hii ya mwisho ndiyo ya kukumbuka. Seli zinazojenga ukuta wa utumbo mpana hazitegemei sana sukari ya damu kama seli nyingine. Nishati yake kuu ni butireti, yaani hiyo asidi ya butiriki, zao la bakteria. Kwa maneno mengine, ukuta wa utumbo wako unalishwa na wapangaji wake.

Ukuta wenyewe ni mwembamba ajabu. Ni safu moja tu ya seli iliyobanana, na juu yake pamepakwa ute mzito unaowaweka bakteria mbali kidogo. Butireti inasaidia seli hizo kubanana vizuri, na pia inatuliza askari wa kinga walio nyuma ya ukuta wasiwe na hasira isiyo na sababu. Sasa chukua nyuzinyuzi uziondoe. Mwaka 2016 watafiti waliowalisha panya chakula kisicho na nyuzinyuzi waliona bakteria wakigeukia chakula kilichobaki karibu, nacho ni ute wenyewe. Waliutafuna ukawa mwembamba, na vijidudu vya maradhi vikapata njia. Ute ukipungua na seli zikilegea, vipande vya magamba ya bakteria hupenya hadi kwenye damu. Kinga ikivikuta humo inaamini kuna uvamizi. Inaamka, inapambana, haimpati adui wa kummaliza kwa sababu vipande vinaendelea kuvuja, na makumbi yanaendelea kufuka moshi.

Kwa mtu mwenye umri wa miaka 25, mwili unaziba nyufa hizo haraka. Kwa mwenye 75, ute ni mchache zaidi, utumbo unasukuma chakula polepole, na kinga tayari imechoka. Kosa lile lile la mlo linamgharimu zaidi.

Wazo kwamba uzee unatokea utumboni si jipya. Ilya Mechnikov, aliyezaliwa mwaka 1845 katika eneo la Kharkiv, Ukraine ya leo, na kufanya kazi Taasisi ya Pasteur mjini Paris akijulikana kama Élie Metchnikoff, ndiye aliyegundua seli za kinga zinazomeza vijidudu. Kazi hiyo ilimpa Tuzo ya Nobel mwaka 1908 pamoja na Paul Ehrlich. Uzeeni mwake alishika imani kwamba utumbo mpana ni pipa la uozo, kwamba bakteria wake wanatoa sumu inayotuzeesha, na kwamba dawa ni kunywa maziwa yaliyochacha kama walivyofanya wanakijiji wa Bulgaria waliosemekana kuishi sana. Ulaya ikashikwa na homa ya mtindi. Mjini London, daktari mpasuaji William Arbuthnot Lane alifika mahali pa kuwakata watu utumbo mpana ili kuwaponya choo kigumu na "sumu" zake. Mechnikov mwenyewe alifariki mwaka 1916 akiwa na miaka 71.

Alikosea mengi. Utumbo mpana si pipa la uozo, na bakteria wa ule mtindi wa Bulgaria hawaweki makazi ndani yetu. Lakini kiini cha hoja yake, kwamba kinachovuja kutoka utumboni kinaweza kuuzeesha mwili mzima, kilisubiri miaka mia moja kabla ya kupimwa sawasawa.

Nani anamzeesha nani

Ukichukua wazee dhaifu na wazee imara ukawapima choo, utakuta tofauti. Hilo limeonekana mara nyingi. Swali gumu ni mwelekeo wa mshale: je, bakteria wamemdhoofisha mzee, au udhaifu umewabadilisha bakteria?

Mwaka 2017 kundi la Dawn Bowdish katika Chuo Kikuu cha McMaster, Canada, lilitumia panya waliolelewa bila bakteria hata mmoja, ndani ya vizimba ambavyo kijidudu hakiingii. Panya wa kawaida walipozeeka, utumbo ulianza kuvuja na mchochota ukapanda. Wale wasio na bakteria walizeeka bila mchochota kupanda hivyo. Kisha wakaunganishwa na panya wenye bakteria, na kwa kuwa panya hula kinyesi cha wenzao, bakteria wakahama. Waliokaa na panya wazee walipata mchochota. Waliokaa na vijana hawakupata. Mshale basi unatoka kwa bakteria kwenda kwa mwili. Lakini watafiti hao hao waliwapa panya wazee dawa ya kuzuia TNF, moja ya kemikali kuu za mchochota, na bakteria wa tumboni nao wakabadilika. Kumbe mshale una ncha mbili. Ukuta ukivuja, mchochota unapanda. Mchochota ukipanda, mazingira ya utumbo yanaharibika, bakteria wanaopenda fujo wanastawi, na ukuta unavuja zaidi. Ukishaelewa duara hili, maneno ya "bakteria ndio chanzo cha uzee" yanakosa maana, na pia maneno ya kwamba bakteria ni abiria tu.

Jaribio ninalolipenda zaidi ni la samaki. Katika madimbwi ya msimu ya Zimbabwe na Msumbiji anaishi samaki mdogo wa rangi ya feruzi ambaye lazima azaliwe, akue na kuzaa kabla dimbwi halijakauka. Maabarani huishi miezi michache tu, na katika muda huo huonyesha dalili nyingi za uzee. Dario Valenzano na wenzake wa Cologne, Ujerumani, waliwapa samaki wa makamo dawa za kuua bakteria wa tumboni, kisha wakawaweka kwenye maji yenye bakteria wa samaki vijana. Samaki hao waliishi muda mrefu kuliko wenzao kwa zaidi ya theluthi moja na waliendelea kuogelea kwa nguvu katika umri ambao wengine walikuwa wamezorota. Waliopewa bakteria wa makamo wenzao hawakufaidika hivyo. Mwaka 2021 watafiti wa Cork, Ireland, walihamisha bakteria wa panya vijana kwenda kwa panya wazee, na baadhi ya kasoro za ubongo na kumbukumbu zikapungua.

Binadamu si samaki wa dimbwi. Kuhamisha kinyesi kutoka mtu mmoja kwenda mwingine ni tiba halali ya hospitali kwa ugonjwa mmoja mzito, kuhara kunakoletwa na Clostridioides difficile, na jaribio la Uholanzi lililochapishwa 2013 lilionyesha kuwa kunafanya kazi kuliko antibiotiki. Kwa ajili ya kurudisha ujana, hapana. Mwaka 2019 mamlaka ya dawa ya Marekani ilitangaza kifo cha mgonjwa aliyepandikiziwa kinyesi chenye bakteria sugu. Mtu asijaribu jambo hili nyumbani kwa kufuata video.

Ushahidi wa binadamu unaonisadikisha zaidi ulitoka pia Cork, mwaka 2012. Watafiti waliwachunguza wazee 178. Waliokuwa wakiishi majumbani mwao walikuwa na bakteria wa aina nyingi. Waliokuwa kwenye nyumba za kulelea wazee kwa muda mrefu walikuwa na aina chache, mchochota mwingi na udhaifu zaidi. Mtu atasema, bila shaka, waliopelekwa huko ndio waliokuwa wagonjwa. Ni kweli, na dawa zao nazo zina mchango. Lakini watafiti walifuatilia pia chakula, na wakaona mpangilio wa matukio: mzee akihamia kwenye nyumba ile, mlo wake unabadilika mapema, unakuwa laini, wenye mafuta na usio na nyuzinyuzi, halafu bakteria wanafuata taratibu. Chakula kilitangulia. Utafiti mwingine, uliochapishwa 2020, uliwafuata watu 612 wa umri wa miaka 65 hadi 79 katika nchi tano za Ulaya. Baadhi yao walikula kwa mwaka mzima mlo wa kando ya Mediterania: mboga, kunde, nafaka zisizokobolewa, samaki, mafuta ya zeituni. Waliojitahidi kuufuata waliongeza bakteria fulani, na bakteria hao walikwenda pamoja na mwendo wa kasi zaidi, mkono wenye nguvu zaidi na mchochota mdogo.

Hakuna utumbo mmoja ulio bora

Mtu akishasikia haya huuliza: basi nitajieni bakteria wazuri niwatafute. Swali la haki, lakini lina mtego.

Maria Branyas, aliyezaliwa San Francisco mwaka 1907 na kufariki Hispania Agosti 2024 akiwa na miaka 117, alikuwa mtu mwenye umri mkubwa kuliko wote waliokuwa hai duniani wakati huo. Alikubali kuchunguzwa, na watafiti wakakuta tumboni mwake bifidobakteria, yaani bakteria wanaostawi kwa maziwa, wengi kama wa mtu mdogo. Alikula mtindi mara tatu kwa siku. Habari ilienea, na bifidobakteria wakapata sifa. Sasa nenda pwani ya Ziwa Eyasi, kaskazini mwa Tanzania, wanakoishi Wahadzabe kwa mabuyu, asali, matunda pori, mizizi na nyama ya kuwinda. Utafiti wa mwaka 2014 haukukuta bifidobakteria hata kidogo kwa watu wazima wa Kihadzabe uliowapima. Ni bakteria walewale walioonekana hazina kwa Maria. Na Wahadzabe ndio watu ambao uchunguzi wa kina uliochapishwa 2023 uliwakuta na wastani wa aina 730 za bakteria kwa mtu, dhidi ya 277 kwa mkazi wa California. Wahadzabe hawanywi maziwa, kwa hiyo bakteria wa maziwa hawana la kufanya kwao. Utumbo umejipanga kwa chakula cha mwenyewe.

Utafiti mwingine wa Wahadzabe, uliochapishwa 2017 na kundi la Justin Sonnenburg wa Chuo Kikuu cha Stanford, uligundua jambo zuri sana: bakteria wao wanafuata majira. Kiangazi, nyama ikiwa nyingi, aina fulani zinakuwapo. Masika, asali na matunda yakija, aina nyingine zinapotea kiasi cha kutoonekana. Kiangazi kikirudi, zinarudi. Tumbo la Mhadzabe lina kalenda. Sisi tunaokula mkate uleule Januari hadi Desemba tumeing'oa kalenda hiyo ukutani.

Wajapani nao wana yao. Mwaka 2021 kundi la Kenya Honda wa Chuo Kikuu cha Keio (ni jina lake la Kijapani kabisa) liliwachunguza watu 160 wenye wastani wa umri wa miaka 107. Lilikuta bakteria wanaogeuza nyongo kuwa asidi maalumu yenye uwezo wa kuua vijidudu vya maradhi, akiwemo yule wa kuhara niliyemtaja. Na huko Seattle, Marekani, uchambuzi wa zaidi ya watu 9,000 uliochapishwa mwaka huohuo ulionyesha kwamba kwa watu wanaozeeka vizuri, bakteria wa kila mmoja wanazidi kutofautiana na wa mwenzake kadiri miaka inavyosonga. Wale wa umri mkubwa ambao matumbo yao yalibaki yametawaliwa na bakteria wa kawaida wa utu uzima, bila kubadilika, ndio waliokufa mapema zaidi katika miaka iliyofuata.

Ndiyo maana nina shaka kubwa na kidonge kimoja kinachouzwa kwa kila mzee. Watafiti wa Weizmann walionyesha mwaka 2018 kwamba bakteria wa vidonge wanakubalika kwenye utumbo wa baadhi ya watu na kupita moja kwa moja kwa wengine. Zaidi ya hapo, watu waliotumia vidonge hivyo baada ya dozi ya antibiotiki walichelewa kurudisha bakteria wao wa asili kuliko wale walioachwa bila chochote. Hii ni kinyume kabisa na tunavyoambiwa dirishani dukani.

Sahani

Daktari mpasuaji Denis Burkitt, Mwairishi, alifika Uganda mwaka 1946 na kufanya kazi huko karibu miaka ishirini, muda mwingi Hospitali ya Mulago, Kampala. Dunia inamjua kwa saratani ya watoto inayobeba jina lake. Lakini alirudi Uingereza na swali jingine: kwa nini magonjwa yaliyojaza wodi za Ulaya, saratani ya utumbo mpana, bawasiri, kidole tumbo, yalikuwa nadra kwa wanakijiji wa Uganda? Yeye na Hugh Trowell, aliyekuwa daktari Kenya na Uganda, walijibu kwa neno moja, nyuzinyuzi. Burkitt alipima hadi choo, akakuta cha wanakijiji ni kizito mara kadhaa kuliko cha Waingereza na kinapita haraka zaidi. Wakati huo mchango wa bakteria katika jibu hilo haukuwa umeeleweka vizuri.

Jibu la bakteria lilikuja 2015. Stephen O'Keefe na wenzake waliwachukua Wamarekani Weusi 20 wa Pittsburgh na wanakijiji 20 wa KwaZulu-Natal, Afrika Kusini, wote wa umri wa miaka 50 hadi 65, wakabadilishana mlo kwa wiki mbili. Wamarekani walipokula chakula cha kijijini, butireti tumboni mwao iliongezeka takriban mara mbili na nusu, na mchochota wa ukuta wa utumbo ukapungua. Waafrika Kusini waliokula baga na chipsi walikwenda njia ya kurudi nyuma. Wiki mbili tu. Ukiweka matokeo hayo kando ya yale ya Moshi, unaona jambo lenye matumaini makubwa: bakteria wa mtu mzima hawajafungwa. Wanakusikiliza ndani ya siku chache.

Kwa hiyo tunacho cha kufanya, na kimo jikoni. Dona badala ya sembe, kwa sababu mashine inayokoboa mahindi inatupa pumba ambazo bakteria wanazihitaji. Muhimu tu mahindi yawe yamekauka vizuri na hayana ukungu. Mbaazi, kunde, choroko na maharage, kila wiki kwa zamu. Ndizi mbichi za kupika, ambazo wanga wake mwingi haumeng'enywi utumbo mwembamba bali unafika kwa bakteria. Kiporo pia kina siri: wanga uliopikwa ukapoa hujipanga upya, na sehemu yake inakuwa sugu kwa vimeng'enya vyetu, hata ukipashwa moto tena. Ila wali uliolala nje kwenye joto la Dar es Salaam au Mombasa ni hatari, kwani kuna bakteria anayeacha sumu isiyokufa kwa kupasha. Uwekwe kwenye baridi mapema au usiliwe.

Vyakula vilivyochacha vina nafasi yao. Jaribio la Stanford lililochapishwa 2021 liliwagawa watu 36 kwa wiki kumi: nusu waliongeza nyuzinyuzi, nusu vyakula vilivyochacha kama mtindi. Wa pili ndio walioongeza aina za bakteria na kupunguza protini 19 za mchochota. Sisi tuna togwa, mtindi, mursik (maziwa yaliyochacha ya Wakalenjin), uji wa chachu. Miaka ya 1990 watafiti nchini Tanzania waliona watoto waliokula togwa wakiwa na vijidudu vichache vya kuhara kwenye choo. Kuhusu mbege nasema wazi: ni pombe, na vijana wenye afya kuinywa wiki moja chini ya uangalizi si ruhusa ya kumpa babu anayemeza dawa za presha na kisukari. Togwa inamtosha.

Dawa nazo zisisahaulike. Antibiotiki ya kununua dirishani kwa kila mafua, ambayo haitibu mafua hata kidogo, inafyeka bakteria ambao kwa mzee hurudi kwa shida. Vidonge vya kupunguza asidi ya tumbo, kama omeprazole, vinaruhusu bakteria wa mdomoni kushuka hadi utumboni. Mzee anayevimeza mwaka wa tatu bila kukumbuka alivianzia nini aende kumuuliza daktari, na asiviache ghafla kwa uamuzi wake.

Na kuna meno. Wazee wetu wengi wanaacha maharage, mboga ngumu na matunda kwa sababu magego yameng'oka, si kwa sababu hawayapendi. Tunawahurumia kwa kuwapa mkate mweupe uliochovywa kwenye chai, mlo wa ile nyumba ya wazee ya Ireland. Bibi asiye na meno anaweza kupewa mtori wa ndizi mbichi, mbaazi zilizopondwa na kuungwa kwa nazi, uji wa ulezi usiochujwa, parachichi, papai, mlenda. Aanze kidogo, vijiko viwili vitatu vya kunde kwa siku, na anywe maji ya kutosha, maana tumbo lililokaa miaka bila nyuzinyuzi hujaa gesi mwanzoni. Akilalamika wiki ya kwanza, punguza kijiko kimoja, usiache. Na siku ukipata fedha za kumpeleka kwa daktari wa meno akapate meno ya bandia, mwambie daktari kwamba unataka ayatumie kutafunia kisamvu.